Kushuka Ng'ambo ya Kijito

Ilikuwa mwaka 2016, mwezi wa Julai, katika nyanda za juu za Njombe. Joto la alfajiri lilikuwa nyuzi nne. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni tangu Jumapili na hapakuwa na upepo wa kuuondoa. Umande uliojikusanya usiku juu ya mabati ulidondoka asubuhi taratibu, kama mtu anayebisha mlango kwa kucha. Nawaeleza hali ya hewa kwanza, wapendwa, kwa sababu bila ukungu ule mfano huu usingekuwapo.

Kulikuwa na mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu. Alisimika mawe ya mipaka katika mashamba ya watu kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuna jiwe lake hata moja lililowahi kuhamishwa na mahakama. Lakini tangu alipokuwa kijana chuo kikuu, kila alipoitazama ramani ya dunia, macho yake yaliteremka hadi kwenye ile sehemu nyeupe ya chini kabisa, ambako mchoraji hakuweka mji wala barabara. "Pale," alikuwa akiwaambia watoto wake, "hakuna uzio wala mpaka wa shamba la mtu yeyote."

Watoto hawasahau. Walipokuwa watu wazima walichanga, wakampa baba yao zawadi ya kustaafu: chumba cha watu wawili katika meli ya msafara inayokwenda kwenye bahari ya barafu, kusini mwa dunia. Haikuwa meli ya anasa yenye kumbi za dansi na mabwawa ya kuogelea. Ilikuwa meli ndogo, abiria wake hawatimii mia, nayo hupenya katikati ya vilima vya barafu mpaka mahali pasipo na gati. Hapo watu hushuka kwa boti za mpira wakakanyaga nchi kavu. Kampuni ilitaka jibu moja tu, anakwenda au haendi, na ililitaka kabla ya Julai kwisha. Pamoja na zawadi kilikuja kijitabu, na ukurasa wake wa mwisho uliuliza: Je, safari hii inakufaa?

Mtu mwingine angeruka kwa furaha akasema ndiyo. Mzee wetu alivaa miwani.

"Baba Ombeni, unakisoma hicho kitabu kama hukumu ya mahakama," mkewe alimwambia wakiwa mezani. Mama huyu alikuwa mkunga mstaafu. Maisha yake yote ya kazi aliamka bila kujua siku itampeleka nyumba ya nani. "Kinasema nini hasa?"

"Kinauliza maswali."

"Basi yajibu."

"Siwezi kujibu jambo nisilolipima."

Mama akacheka. "Wewe hata chumvi unaitazama kwanza kama inakaa sawa kijikoni. Haya, pima basi!"

Naye akapima. Alieleza mpango wake kwa utaratibu: kuanzia kesho yake, nyumba yao itakuwa meli. Watahamia chumba cha wageni, kwa kuwa ukubwa wake unakaribiana na ule wa chumba cha melini. Simu zitafungiwa kabatini, kwa maana huko kwenye barafu habari za nyumbani hazifiki. Saa ya ukutani itageuzwa itazame ukuta. Na jambo lililomtia hofu kuliko yote: hakutakuwa na ratiba. Kijitabu kilisema wazi kwamba kila asubuhi nahodha hutazama anga na barafu, kisha hutangaza mahali pa kushuka, na abiria habishani naye.

"Na nahodha ni nani?" mama akauliza.

"Mimi, nadhani. Ndimi niliyekisoma kitabu."

"Wewe ndiye unayepimwa. Umeona wapi mwanafunzi anajisahihishia mtihani?"

Mzee akaikagua hoja, akaona haina ufa. "Basi uwe wewe."

"Na hutabishana?"

"Abiria habishani."

"Tutaona," alisema nahodha, akaenda kutandika vitanda.

Siku zile, wapendwa, nyumba ile iling'oa nanga. Mnaoijua Njombe ya Julai mtanielewa. Ukifungua dirisha huoni bonde, huoni barabara, huoni hata banda la kuku. Unaona weupe tu, na weupe huo unatembea. Miti ya jirani ilijitokeza kama vilima virefu vinavyoelea, ikakaribia, ikapita, ikazama tena. Siku moja ng'ombe alipumua kwa nguvu nyuma ya ua, mvuke ukapanda juu ya majani, na mzee akanong'ona: "Nyangumi." Mama, bila kuinua kichwa kutoka kwenye ufumaji wake, akajibu: "Yuko upande wa kulia. Ana ndama."

Mlangoni waliweka beseni, brashi na dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu kijitabu kilisisitiza sana jambo moja. Kila abiria, kabla ya kushuka na baada ya kurudi, aoshe buti zake, akung'ute mifuko yake na apige brashi mikunjo ya suruali yake, asije akabeba mbegu ya alikotoka akaiangusha katika nchi iliyo safi. Mzee aliipenda amri hiyo. Aliosha buti kama anayejiandaa kwa meza ya Bwana.

Walifanya pia zoezi la kushuka. Mtu anayeingia kwenye boti ya mpira hapewi kiganja, kwa kuwa viganja vilivyolowa huteleza. Hushikwa mkono chini ya kiwiko, naye hushika vivyo hivyo mkono wa anayempokea, na mikono yote miwili lazima iwe mitupu. Walijaribu kwenye ngazi za baraza, mzee na mkewe, wakishikana hivyo katikati ya ukungu. Mpita njia mmoja aliyewaona aliharakisha hatua.

Kisha nahodha akaanza kutangaza mahali pa kushuka. Siku ya kwanza walishuka ukingoni mwa mashamba ya chai, mahali ambapo mzee alikuwa amepita kwa gari maisha yake yote na hakuwahi kusimama. Walikaa pale wakisikiliza sauti za wachuma chai, watu wenyewe hawaonekani, nyimbo tu zikitoka ndani ya weupe. Siku nyingine walishuka kwa mjane wa mwalimu, wakanywa uji, na mzee akapakatishwa mtoto mchanga aliyemlowesha suruali. Hakubisha. Jioni, kwa kuwa melini huwa kuna mihadhara, mzee alimsimulia mkewe habari za huko waendako: barafu kongwe ambayo imejibana mpaka hewa yote imetoka ndani yake ikawa ya buluu, jua la kiangazi linalozunguka upeoni lisitue, na pengwini, ndege asiyeruka, anayetembea kama mchungaji aliyechelewa ibada na kanzu imemkaba miguuni. Mama alicheka mpaka akasinzia. Mzee alilala akihisi kitanda kinasukwasukwa polepole, na moyoni alikuwa amekwisha kujibu maswali yote ndiyo.

Asubuhi moja, mwezi ukielekea ukingoni, nahodha alisimama dirishani kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Abiria," alisema, "leo tunashuka ng'ambo."

"Ng'ambo ipi?"

"Ng'ambo ya kijito. Kwa shemeji yangu."

Sasa hapa, wapendwa, inanilazimu nieleze. Mzee huyu alikuwa na mdogo wake, tumbo moja. Baba yao alipowagawia shamba la huko ng'ambo ya kijito, aliwaita wote wawili, akawapa jembe moja walishike kwa pamoja, wakapanda ua wa michongoma kutoka kijitoni hadi barabarani. Baba akasema, "Hapa ndipo." Hakusema zaidi. Miaka ikapita, baba akazikwa, na yule mkubwa akaja na vifaa vyake vya kazi akapima. Akagundua kwamba ua ule haukugawanya shamba nusu kwa nusu. Uliingia upande wake kwa kipande fulani, nami kipande hicho nitakitaja mwishoni. Basi siku ambayo mdogo wake alikuwa ameswaga ng'ombe mnadani, aliwaleta vibarua, wakang'oa ua wa baba, na mahali ambapo hesabu ilimwonyesha akasimika jiwe. Hesabu ilikuwa sahihi. Nasisitiza hilo: ilikuwa sahihi kabisa. Na tangu siku ile ndugu hawa hawakusalimiana. Msibani mmoja alikaa kwenye turubai, mwingine akasimama juani. Kanisani mmoja aliketi upande wa kwaya, mwingine upande wa mlango, na wote wawili walipokea ushirika.

"Pale hapashukiki," mzee alisema.

"Kwa nini? Bahari shwari."

"Mama Ombeni, huu ni mchezo. Usiingize mambo ya watu kwenye mchezo."

"Mimi leo si Mama Ombeni, mimi ni nahodha. Na ni wewe uliyeniambia hiki ni kipimo."

"Nahodha mwenye busara angechagua mahali pengine."

"Nahodha ametazama anga. Amechagua hapo."

"Basi sishuki."

Mama hakukasirika. Alifungua kabati, akatoa simu, akaiweka mezani mbele ya mumewe kwa upole, kama anavyowekewa mgonjwa chakula. "Waandikie watoto," akasema. "Waambie wasipoteze pesa zao. Safari hii haikufai."

Nawauliza, ndugu zangu mlioketi hapa: alikosea wapi mama huyu? Kutoka Njombe hadi kwenye barafu ile, nikikadiria kwa ramani kwa mstari ulionyooka, ni kilomita elfu tisa na zaidi. Kutoka mlango wa mzee hadi mlango wa mdogo wake ni mita mia nne. Mtu huyu alikuwa radhi kuvuka zile elfu tisa, bahari ikimrusha, baridi ikimchoma masikio. Hizi mia nne zilimshinda. Je, yupo humu ndani anayeweza kumcheka?

Mzee aliketi mbele ya simu ile kwa muda mrefu. Aliitazama saa, lakini saa ilikuwa imegeukia ukuta. Hatimaye akainuka, akaenda mlangoni, akainama juu ya beseni. Buti zilikuwa safi. Aliziosha hata hivyo. Akakung'uta mifuko, akapiga brashi suruali, na katika mkunjo wa chini akakuta mbegu za kishona nguo, zile nyeusi zenye meno mawili, ambazo mtu huzibeba njia nzima na hajui alizitoa wapi. Akazing'oa moja moja, akaziacha kwenye beseni. Zilikuwa nyingi.

Akateremka bondeni peke yake. Ukungu ulimfunga mbele na nyuma. Alifika kijitoni, akakanyaga gogo linalotumika kama daraja, na katikati ya gogo miguu ikakataa. Lilikuwa limeshika utelezi wa baridi. Akasimama hapo, mikono ameitanua, chini maji yanapita bila kuonekana. Ng'ambo ikasikika ndoo ikiwekwa chini.

"Nani huyo?"

"Mimi."

Kisha ile sauti ikasema, "Umekuja na kamba ya kupimia?"

"Nimekuja na mikono mitupu."

"Rudi basi. Gogo hilo linateleza. Ukianguka watu watasema nimekusukuma."

"Siwezi kurudi. Nimeambiwa nishuke hapa."

"Umeambiwa na nani?"

"Na nahodha."

"Kaka," ile sauti ikasema, na sasa ilikuwa imebadilika, "unaumwa?"

Kaka! Neno hilo halikuwa limevuka kijito kile tangu ua ulipong'olewa. Mdogo mtu akatokea kwenye ukungu, amevaa koti la mvua na buti za shambani, akashuka hadi ukingoni, akanyoosha kiganja.

"Si kiganja," mzee akasema. "Nishike chini ya kiwiko. Na mimi nakushika vivyo hivyo."

"Hata kuokolewa unataka kunifundisha!"

Lakini alimshika chini ya kiwiko. Na mzee akamshika. Mdogo wake akavuta, na mpima ardhi akakanyaga nchi kavu.

Waliketi jikoni karibu na moto, viazi vikiwa majivuni, na kwa muda mrefu wakazungumzia viazi tu. Mzee ndiye aliyeanza. "Ile hesabu," akasema.

"Ilikuwa sahihi," mdogo wake akamkatiza. "Nililipa mtu wa kuipima tena. Akaniambia, kaka yako hajakosea hata kidole."

"Basi?"

"Basi nini? Ungeniita. Ungesema, njoo, mdogo wangu, tushike jembe, tuung'oe ua wa baba, hesabu inasema hivi. Ningeung'oa na wewe. Nilirudi mnadani na sukari ya watoto mkononi, nikakuta michongoma ya baba imelala juu ya nyasi, mizizi juu."

Mzee akafukua majivu. Akala kiazi. Kisha akauliza kama jembe la baba bado lipo. Lilikuwapo. Wakatoka nalo, wamelishika wote wawili, wakaufuata mstari wa mpaka ndani ya ukungu, na lile jiwe ambalo mahakama isingeweza kulihamisha, wazee wawili wakalihamisha, mmoja akichimba na mwingine akilalamika kuhusu mgongo wake, hadi mahali ambapo palikuwa na ua wa baba. Ukungu ulipoinuka mchana, mama aliwaona kutoka dirishani. Akaigeuza saa ya ukutani ikatazama chumba. Msafara ulikuwa umefika.

Sasa sisi, wapendwa. Sisi tunaimba kila Jumapili habari za nchi ya mbali. Tunaimba kwa sauti nne, na macho tumeyafumba, kwamba tutavuka, tutafika, tutatua mizigo. Na ukituuliza kama safari ile inatufaa, tutajibu maswali yote ndiyo: kufunga tumefunga, sadaka tumetoa, mikesha tumekesha. Lakini Nahodha wetu hututazama asubuhi, siku tusiyoitarajia, akasema, "Leo mtashuka hapa," na akataja nyumba iliyo mita mia nne. Kwa dada yako uliyemfungia namba ya simu. Kwa mwanao uliyemtamkia neno siku ya harusi yake. Na mimi pia, kwa mzee mwenzangu anayeketi upande wa mlango. Hapo tunasema bahari imechafuka. Tunasema, Bwana, chagua mahali pengine. Nitume hata ughaibuni, usinitume pale.

Tunasema pia kwamba tuna haki. Huenda tunayo! Yule mzee alikuwa nayo, imepigwa muhuri. Mnajua kilichomzuia kuvuka kijito kabla ya siku ile? Si uwongo. Ni ukweli wake, alioubeba kwenye mkunjo wa suruali kila alikokwenda, ukamshika kama kishona nguo, na kila nyumba aliyoingia akaangusha mbegu mbili tatu: mdogo wangu ni mtu wa aina fulani, mdogo wangu hajui hesabu. Nawasihi, kabla hamjaondoka hapa leo, inameni mtazame mikunjo yenu. Msiniulize mimi kama mbegu zipo. Mtakayemwendea atazitambua kabla hamjakaa.

Wengine mtataka kujua kama mzee alikwenda kwenye barafu. Alikwenda, yeye na mkewe, mwezi wa Januari, na kila asubuhi nahodha mwenye kofia halisi alitangaza mahali pa kushuka, na mzee alikuwa wa kwanza mlangoni, buti safi, mikono mitupu. Aliona barafu ya buluu. Aliona jua lisilotua. Nyumba yao huku ilikuwa mikononi mwa mdogo wake, ambaye alilisha kuku na kulala chumba cha wageni, na inasemekana kwamba kila alipoingia aliosha buti zake kwenye beseni, akinung'unika kwamba kaka yake ana wazimu.

Nauli ya meli, ya ndege na bei ya makoti mazito walilipa watoto, nami hizo sizihesabu. Yeye mwenyewe, safari ile yote ilimgharimu mita mbili na robo za shamba.